Noah ya kukodi na dereva wake, siku tano Mtwara, Lindi, Masasi na Newala: nilichopenda na kilichoniudhi

Nimerudi Mtwara jana jioni, leo nimeshaoga mara mbili na taulo bado linatoka na vumbi la Tandahimba, lakini nimeona niandike mapema kabla mambo hayajachanganyika kichwani. Kabla ya safari nilitafuta sana mtu aliyewahi kukodi gari na dereva kwa mizunguko ya huku kusini aniambie ilikuwaje, sikupata, nilichokuta ni watu wanaulizana bei afu mazungumzo yanahamia inboksi. Kwa hiyo naeleza yote, na nikitaja bei ni bei niliyolipa mwenyewe siyo ya kusikia.

Gari yenyewe ni Toyota Noah, zile za zamani kidogo, siti saba, rangi ya fedha. Nimeikodi kwa jamaa mmoja hapa Mtwara mjini ambaye ana gari kama nne hivi na kiofisi kidogo. Bei laki moja na thelathini kwa siku pamoja na dereva, mafuta juu yako. Tulichukua siku tano, Jumamosi mpaka Jumatano. Mafuta yalikula kama laki na themanini na mizunguko yote. Tulichangishana mie, dada yangu na kaka yetu aliyeko Dar ambaye yeye hakuja ila alituma hela yake bila kusumbua, Mungu ambariki.

Sasa kwa nini gari ya kukodi na siyo basi. Mabasi yapo, Mtwara Lindi, Mtwara Masasi kila siku, nauli nafuu na unafika. Ila sie shida yetu haikuwa kufika. Mie naishi Dodoma, dada yuko Morogoro, mama ana miaka 73 na yuko hapa Ligula, na ndugu wengine wametapakaa kutoka Lindi mpaka Newala, na ukoo wetu siku hizi tunakutana misibani tu. Kweli kabisa, miaka kumi na moja mie nimeonana na shangazi mara tatu na zote kuna maiti ndani. Msibani hamuongei, mnalia, mnapika, mnahesabu rambirambi, ikifika siku ya tatu watu wanawahi basi la alfajiri. Mwezi wa sita alipofariki baba mdogo, mama alikaa kwenye mkeka akasema yani mimi ndugu zangu nawajua kwa vilio sikumbuki tena vicheko vyao. Ile kauli ilinikaa. Ndo tukapanga, mwezi wa kumi na moja, hakuna msiba, hakuna harusi, tunawapitia watu wetu mmoja mmoja nyumbani kwao tunakaa nao. Na kwa basi hilo halifanyiki maana basi linakupitisha mlangoni kwa mtu wako spidi themanini na huwezi kumwambia dereva simama nimsalimie.

Nikaulizia bei kwa watu watatu. Wawili walitaka kunipigia kwa safari, yani Mtwara mpaka Lindi bei yake, Lindi mpaka Masasi bei yake, na muda wa kusubiri unahesabiwa saa. Huyu wa tatu alitoza kwa siku, kuanzia asubuhi mpaka saa mbili usiku, ukae mahali dakika kumi ukae masaa sita ni ileile. Kama hutabeba kingine chochote kwenye maelezo yangu beba hili, ukienda kusalimia watu kodi gari ya kulipia kwa siku. Ya kulipia kwa saa unakunywa uji wa shangazi huku unaangalia simu.

Dereva nimsemee kabla ya njia. Ni mtu mzima, hamsini na kitu, mtaratibu, kwao Mtama. Kituo cha kwanza kilikuwa Mikindani, kilomita kama kumi tu kutoka mjini, kwa mwalimu wangu wa historia wa sekondari ambaye sasa amestaafu. Tulisema nusu saa. Mwalimu alivyoniona alisimama mlangoni ananiangalia, akasema usiniambie jina, usiniambie, afu akataja jina langu na deski nililokuwa nakaa. Basi hapo nusu saa ikaishia hapohapo. Akamkamata mtoto wa dada yangu, wa miaka kumi na nne, akamtoa barazani akamuonesha Boma kule juu, kwamba Wajerumani walilijenga 1895, na kwamba Livingstone alipita hapa 1866 kuanza safari yake ya mwisho ya kuingia bara, na kabla ya hao wote majahazi yalikuwa yanaingia ghuba hii hii. Mtoto anasikiliza mdomo wazi, na huyu ni mtoto ambaye simu haimtoki mkononi. Mie naona saa tano imeshafika nikatoka nje kumuomba radhi dereva, nikamkuta amesogeza gari chini ya mwembe, ametandika mkeka wake mwenyewe, radio ndogo pembeni, anakatakata embe kwa kisu. Akanambia, "Dada, mie nalipwa kwa siku. Nyie ongeeni." Siku tano zote alikuwa hivo. Hakupiga honi hata mara moja, hakuja kusimama mlangoni na funguo mkononi zinachezachezwa kama wanavyofanya wengine. Gari hata ingekuwa mpya kiasi gani, kwa dereva wa kukuharakisha safari yetu isingekuwepo.

Lindi tuliingia jioni ya Jumamosi. Barabara ya Mtwara mpaka Mingoyo lami safi, pale njia panda ya Mnazi Mmoja tukanunua korosho na maji, tukakunja kulia. Shangazi anakaa Rahaleo na macho yake siku hizi hayaoni vizuri. Dada akatangulia, "Shikamoo shangazi." "Marahaba, we nani?" Dada hakujibu akakaa tu karibu yake. Shangazi akamshika mkono, akaupandisha mpaka kwenye kiwiko, pale dada ana kovu la kuungua na uji alipokuwa mdogo, akaligusa kovu kwa kidole gumba akalizungusha afu akasema, "Huyu wa kwangu. Huyu nilimpaka asali mimi." Mama yangu alikuwa bado anashuka garini, akasikia, akaketi palepale kwenye ngazi ya mlango akaanza kulia, na shangazi anauliza nani kafa, nani kafa, tunamwambia hajafa mtu shangazi, tumekuja tu. Akarudia, mmekuja tu? Mmekuja tu. Aliuliza hivo mara nne usiku ule.

Tulipanga kuondoka Lindi Jumapili asubuhi, tukaondoka saa tisa alasiri. Asubuhi wifi mtu alipika ugali wa muhogo na changu wa nazi, mama na shangazi wakaenda kukaa ufukweni wanaangalia boti zinazovuka ghuba kwenda Kitunda, wanasimuliana mambo ya ujana wao nikisogea wananyamaza. Kwa Lindi hapa naomba nisifie pia gesti tuliyolala mie na dada, chumba elfu thelathini, mashuka meupe kweli, feni inafanya kazi, maji yapo, asubuhi chai na maandazi. Dereva alilala hapohapo chumba cha bei ya chini.

Na hapa ndo lilitokea jambo la kwanza la kuniudhi. Wakati wa kukodi ofisi haikuniambia kabisa kwamba chakula na malazi ya dereva ni juu yangu. Nimekuja kujua Lindi usiku ule, dereva mwenyewe anaona aibu kunieleza, anainama chini, mtu mzima yule. Ikabidi nipige simu ofisini, wakasema ah ndo kawaida yetu, elfu ishirini na tano kwa siku. Kawaida sawa, na ni haki yake kabisa, lakini kawaida inasemwa kabla mtu hajalipa. Mara tano hiyo ni laki na ishirini na tano ambayo haikuwa kwenye bajeti. Ukikodi uliza mapema, na hela yenyewe mkabidhi dereva mkononi.

Kutoka Lindi unarudi mpaka Mingoyo afu unashika njia ya Masasi. Mtama tulisimama kumtafuta mwenzangu wa bweni, tulikuwa wote kidato cha kwanza mpaka cha nne. Dereva kwao hapo hivo alinizungusha vichochoroni bila kuchoka, nyumba ya kwanza siyo, ya pili siyo, ya tatu tukaambiwa alihamia Liwale na mumewe kwenye mashamba ya ufuta miaka sita iliyopita. Namba ya simu aliyoacha haipatikani. Nilimwachia jirani karatasi yenye namba yangu, na dereva akaniambia yeye nyumbani anakuja kila mwezi, atakuwa anaulizia. Sikumuomba. Mpaka leo naandika hapa simu haijaita ila namwamini.

Ndanda tulipita jua linazama. Mama aliomba gari isimame nje ya hospitali ya misheni, ndo alipojifungulia kaka yetu wa kwanza, akakaa na kioo kimeshushwa kama dakika tano hivi hasemi kitu, kisha akasema twendeni. Masasi tukaingia saa mbili kasoro usiku, ndani ya muda wa dereva.

Sasa Masasi. Hapa ndo penyewe kwangu.

Nina rafiki, mie na yeye jina moja, kwa hiyo toka shule tunaitana somo. Tulisoma wote, tulikula sahani moja, tumemaliza kidato cha nne 1998 halafu maisha yakatugawa, mie nikaenda bara, yeye akaolewa Masasi. Kuna hela aliwahi kuniomba nimkopeshe amtibu mwanae na nikachelewa kutuma, nilivyotuma ilikuwa mtoto ameshafariki. Toka hapo simu zikawa za idi na mwaka mpya, afu hata hizo zikakata. Miaka ishirini na mbili sijamtia machoni. Sikumwambia nakuja, niliogopa atasema hayupo.

Jumatatu asubuhi nikamwambia dereva anipeleke peke yangu, mama na dada wabaki gesti. Anakaa upande wa Mtandi, chini ya yale majabali makubwa, ana cherehani mbili barazani na binti mmoja anamsaidia. Nilishuka mbali kidogo nikatembea. Aliinua uso kwenye cherehani, mguu ukasimama kwenye pedeli. Nikasema somo. Hakujibu. Akaja, akanizunguka kama fundi anavyomzunguka mteja, akaona hapa kwenye bega gauni langu limefumuka mshono, kidogo tu mie mwenyewe sikuwa nimeuona. Akachomoa sindano kwenye kifua cha nguo yake, akatia uzi, akanikatia kipande kingine cha uzi akaniambia ng'ata, kama bibi yake alivyokuwa anatufanyia zamani akitushonea nguo mwilini. Nikang'ata. Akawa anashona, taratibu, mshono mmoja mmoja, pumzi yake naisikia shingoni, na mie siwezi kusema neno maana nimeng'ata uzi, machozi yanashuka yenyewe mpaka kwenye kidevu. Alivyomaliza akakata uzi kwa meno, akasema, "Haya sema sasa." Nikasema nisamehe somo. Akasema, "Nilishakusamehe, nilikuwa nasubiri uje nikuambie."

Tulikaa pale toka saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Wateja wanakuja anawaambia kesho. Tulikula ming'oko ya kuchemsha na chumvi, hivi viazi vyembamba vya porini vya kwetu kusini ambavyo Dodoma sijawahi kuviona hata kwa dawa, unavikwaruza ganda kwa kucha na kuvitafuna polepole, chakula kizuri cha maongezi kwa sababu hakikuruhusu ule haraka. Alinionesha picha ya mwanae. Nilimuomba anisimulie tangu mwanzo na akanisimulia. Mchana nilimpigia dereva nikamwambia akale, aende akapumzike, akasema yuko hapo nyuma ya duka amekaa na wazee wanacheza bao, niendelee. Kuna huduma gani nyingine unaweza kuinunua ikakupa siku nzima kama ile?

Niwe mkweli na kuhusu gari sasa nisije nikaonekana nimelipwa. AC ilikuwa inafanya kazi mbele tu, siti za nyuma kabisa joto, na Masasi mwezi wa kumi na moja siyo pa kuchezea. Siti ya nyuma kabisa ni ya watoto, mtu mzima magoti yanagusa kidevu. Mlango wa pembeni unabidi ufungwe na mtu wa nje. Usafi mzuri, dereva aliifuta kila asubuhi, mikanda ya siti za mbele na katikati yote mizima, breki nzuri, na mwendo wa dereva ni wa kistaarabu, kwenye vibao vya hamsini anakwenda hamsini, trafiki walitusimamisha mara tatu na mara zote tatu safari njema tukaachiwa. Mama alikaa mbele siku zote tano na hakulalamika mgongo, kwangu hiyo ina uzito kuliko AC.

Jumanne tukapanda Newala. Kama hujafika, Newala iko juu kabisa ukingoni mwa uwanda wa Makonde, kuna upepo, jioni unatafuta sweta. Mjomba wetu, kaka yake mama wa mwisho aliyebaki, tulimkuta chini ya mkorosho amekaa kwenye gunia tupu, mabibo yamerundikwa upande wa kushoto na korosho kulia, anachukua bibo, anazungusha korosho mara moja inatoka, anatupa, anachukua lingine, haangalii hata mikono yake. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mwipwa wangu, kaa chini usaidie." Ndo salamu yake ya kwanza baada ya miaka mitano. Basi tukakaa, mie, dada, mtoto, mpaka dereva akavuta kigoda, tunatoa korosho kwenye mabibo na vidole vinanata utomvu na harufu ile ya bibo lililoiva ambayo ukikulia huku haikutoki. Watoto wake walikuwa wamepeleka magunia ghalani, wanasubiri mnada. Mjomba bado anausimulia msimu wa 2018, wanajeshi wanabeba korosho na serikali imetangaza 3,300 kwa kilo, anausimulia na tarehe kabisa, dereva naye anachangia ya kwao Mtama, wakaelewana hao wawili mpaka usiku.

Jioni mjomba akatupeleka Shimo la Mungu. Ni ukingo tu, ardhi inakatika ghafla mbele ya miguu yako na chini kabisa unaona bonde la Ruvuma linakwenda mpaka Msumbiji. Mama akamshika mjukuu wake mkono akamuonesha kijia kinachoshuka, akamwambia sisi tulikuwa tunashuka huko chini bondeni kuchota maji, tunatoka alfajiri, tunapanda na mtungi kichwani, na mjomba wako huyu alikuwa anatusindikiza na fimbo kwa ajili ya fisi. Mjomba akacheka, akasema nilikuwa na miaka saba, fisi angenila mimi kwanza. Hicho kicheko ndo alichokuwa anakitafuta mama toka mwezi wa sita, mie nilikuwa namwangalia usoni, nilikiona kilivyomfikia.

Jumatano ndo kurudi na ndo siku ambayo nimeondoa nyota. Hii njia ya Newala, Tandahimba mpaka Mtwara bado inajengwa, lami ya kutoka Mtwara kipande cha mpaka Mnivata kilomita 50 iko vizuri, huku juu ni vipande vipande, dayavesheni na vumbi jekundu. Kabla ya Tandahimba tairi la nyuma likapata pancha. Pancha haina mwenyewe, njia ile kila mtu anapata. Lakini kushusha spea, spea kipara, nyuzi zinaonekana, na upepo hamna. Na spana ya kufungulia nati haikai, ni ya gari nyingine. Yani umempa mtu gari aende na mama wa miaka 73 kwenye njia ya vumbi na hujaangalia spea! Dereva alikasirika kuliko mie, akasema aliwaambia ofisini wiki iliyopita, na namwamini kwa sababu ofisi wenyewe baadae hawakukataa.

Tulikaa pale masaa mawili na nusu. Lori la korosho likasimama, wakatuazima spana, kijana wa bodaboda akabeba tairi lenye pancha mpaka Tandahimba kuziba na kurudi, elfu kumi na tano. Ila huku nyuma, mama mmoja wa nyumba ya jirani alishatoa viti na maji ya kunywa, na kama ilivyo kwetu akaanza kumuuliza mama yangu, nyie wa wapi, Newala ipi, mtoto wa nani, na swali la nne ikabainika marehemu mumewe alifundisha shule moja na baba mdogo. Huyu baba mdogo aliyefariki mwezi wa sita. Hakuwa na taarifa. Mama ndo akampa, palepale kando ya barabara, na yule mama akavua kanga ya mabegani akajifunga kiunoni akakaa chini na mama, wakamlilia mtu wao kidogo kwa sauti ya chini, kisha akamsimulia mambo ya baba mdogo akiwa kijana, jinsi alivyokuwa anacheza sindimba mpaka walimu wenzake wanamfungia ofisini, ambayo sie wote hatukuwahi kuyasikia. Tumechukua namba yake. Lakini hilo silihesabu kwenye mema ya ofisi, tairi bovu ni tairi bovu.

Mtwara tuliingia saa moja jioni. Nilikwenda ofisini mwenyewe na picha za spea kwenye simu. Mwenye gari alisikiliza, hakubisha, akanirudishia elfu hamsini na ile elfu kumi na tano ya boda, akaomba radhi mbele ya dereva. Nilimwambia pia ile ya posho ya dereva iandikwe kwenye karatasi ya mkataba kila mteja aione, akasema ataandika. Nilipoondoka alikuwa hajaandika bado, kwa hiyo wewe ukienda uliza.

Nyota, dereva tano kati ya tano, bila kupunguza. Mpango wa kulipia kwa siku, tano. Gari tatu na nusu. Ofisi mbili, nisingewapa hata hizo kama wangebisha. Kwa familia ya watu wanne mpaka watano mnaotaka kuzungukia ndugu taratibu, kwa bei ya hapa Mtwara, mie naona ni hela halali. Kabla ya kuondoka mwambie dereva afungue nyuma, bonyeza spea kwa mkono wako, jaribu spana kwenye nati, washa AC na ukae siti ya nyuma kabisa dakika tano.

Leo asubuhi saa nne dereva kapiga, mama kasahau mfuko wa ming'oko chini ya siti, kauleta mwenyewe mpaka mlangoni Ligula na akakaa akanywa chai. Nimeshamlipa advansi ya tarehe 27 Disemba, siku tatu. Tunaanzia Masasi kumchukua somo yangu, tunampeleka Lindi akaione bahari, mara ya mwisho kuiona ilikuwa tuko kidato cha tatu, halafu anakuja kulala kwetu kwa mama. Kwenye mkataba nimeandika kwa mkono wangu, juu kabisa, kabla ya jina: spea mpya.